Barabara Ilijengwa kwa Ajili ya Nani? Kutoka Vuga mpaka Kimara, kwa miguu

Sehemu ya 1

Mtanisamehe nimekaa kimya wiki mbili, zamu za usiku zilifuatana. Leo siongelei chanjo wala uji wa lishe. Naongelea barabara, na nitaandika kwa vipande kwa sababu ni habari ndefu na yangu inakatizwa na mtoto kila dakika kumi.

Imeanzia wodini. Tulipokea mtoto wa miaka mitano aliyevunjika paja. Sitasema jina wala kijiji, na mambo mengine nimeyabadilisha asije akatambulika. Alikuwa amekaa mbele kabisa kwenye pikipiki, juu ya tangi la mafuta. Nyuma yake dereva, nyuma ya dereva mama yake, na mgongoni kwa mama mtoto mchanga. Mshikaki wa watu wanne, hakuna hata mmoja mwenye kofia ngumu. Kwenye kona, huku kwetu mnazijua kona, likatokea gari la mboga linateremka. Dereva akakwepa, wakaangukia mtaroni. Mchanga hakupata hata mchubuko, Mungu mkubwa. Wa miaka mitano akalazwa, mguu ukavutwa kwa uzito.

Nikamwambia mama yake, kwa upole kadiri nilivyoweza saa tisa usiku, kwamba kanuni za bodaboda zinakataza kubeba mtoto wa chini ya miaka tisa. Akanitazama. Akasema, "Sasa nesi, ningefanyaje? Ningetembea naye? Pembeni pa barabara unapaona palivyo?"

Sikuwa na jibu. Barabara aliyoitaja naijua. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo, na katikati lami inayowatosha magari mawili yakibanana. Mtu wa miguu hana pake. Nikarudi kwenye meza yangu na faili, lakini swali lake lilinifuata mpaka nyumbani, kwa sababu bibi yangu alitembea njia hiyohiyo maisha yake yote na watoto, na sijawahi kusikia mmoja wao amegongwa.

Kwa hiyo nini kilitokea katikati hapo?

Sehemu ya 2

Milima yetu ya Usambara ilikuwa na mji kabla ya kuwa na gurudumu. Vuga ulikuwa mji mkuu wa Wakilindi, na ulikuwa na watu, masoko, mashauri, wajumbe wanaoingia na kutoka. Simba Mwene Kimweri ye Nyumbai alitawala kutoka pale mpaka alipofariki mwaka 1862, na amri zake zilifika hadi pwani ya Pangani. Kila amri iliteremka mlimani kwa miguu ya mtu. Mmisionari Krapf naye alipofika Vuga mwaka 1848 alifika kwa miguu, amechoka kama mgeni yeyote anayepanda huku mara ya kwanza.

Njia za wakati ule bado zipo. Ukisimama Irente ukaangalia chini, ule uzi mwekundu unaozunguka shamba na kuzama bondeni haukuchorwa na mhandisi. Umechorwa na nyayo. Njia ya miguu mlimani inajua mambo: inakwepa maporomoko, inapita karibu na maji, inapumzika mahali penye mti. Bibi yangu aliweza kukwambia kila jiwe la kukalia kati ya kwao na soko la Soni. Kichwani tenga la mboga limekalia ngata, mgongoni mtoto, na mbele yake mwingine anayejitembelea mwenyewe akiimba.

Hapa naomba niingize la kiuuguzi, mtanivumilia. Mwishoni mwa miaka ya 1890 daktari Mjerumani Robert Koch alifika Usambara kutafiti malaria. Akakuta wazee wa huku wanajua kwamba ukiteremka nyika ukaumwa na mbu, unarudi na homa, na homa yenyewe wanaiita mbu. Yaani watu walikuwa wanateremka na kupanda milima hii kwa miguu mara nyingi kiasi cha kujua ugonjwa unatoka wapi, wakati Ulaya madaktari bado wanabishana. Ukitembea unaona.

Sisemi maisha yalikuwa mazuri. Naomba hili lieleweke kabla sijaendelea. Mama mwenye uchungu uliokwama alibebwa kwenye machela na wanaume sita kwa zamu, usiku, mvua inanyesha, na wengine hawakufika. Ninaposifia miguu siwasahau hao. Nitawarudia kwenye sehemu ya mwisho.

Sehemu ya 3

Wajerumani walianza reli Tanga mwaka 1893. Mwaka huohuo Richard Hindorf alileta miche ya mkonge ya kwanza, na hayo mawili hayatengani. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, ikipita chini ya milima yetu kuelekea Moshi. Lushoto wakati huo wakaiita Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao, na wakachonga barabara ya kupanda kutoka Mombo kupitia Soni. Watu waliochonga mwamba ule ni babu zetu.

Sasa angalia ilivyobeba. Reli ilibeba mkonge na kahawa. Kutoka msitu wa Shume walifunga kamba ya chuma iliyoning'inia juu ya korongo mpaka Mkumbara, kushusha mbao hadi relini. Huwa nawaza hiyo kamba. Gogo la mti lilishuka mlimani likiwa limening'inia angani kama mfalme, na mama aliyelima mahindi chini ya kamba hiyo alishuka kwa miguu akiwa na mzigo wake kichwani.

Ndiyo maana naanza kusema barabara ina mwenyewe tangu siku inapopimwa. Ya Mombo–Lushoto ilipimwa kwa ajili ya mazao kushuka na maofisa kupanda kwenye baridi. Hakuna aliyeuliza mwenye ngata atapita upande gani. Waingereza wakaja, jina likarudi kuwa Lushoto, upana ukabaki uleule. Tukajitawala, tukaweka lami. Lami ikaleta kasi, na pembeni bado hakuna nafasi. Mzigo mkubwa unaoshuka leo ni kabichi, karoti na nyanya za kwenda Dar es Salaam, nasi tunashukuru kwa sababu ndizo ada za watoto wetu. Lakini yule anayetembea, ambaye ndiye alikuwa na njia kwanza, amegeuka mgeni anayepigiwa honi.

Tukifuata hizo kabichi mpaka Dar, tunakuta kisa hichohicho kikiwa kimevaa nguo za mjini. Kesho, akilala mapema.

Sehemu ya 4

Amelala. Tuendelee.

Dar es Salaam ya mkoloni iligawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na wa Uswahilini ndio waliotembea kwenda kazini. Magari yalikuwa ya wachache. Mwaka 1974 likaanzishwa shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA tunayoijua. Mji ukakua, mabasi yakaharibika, vipuri vikakosekana, watu wakaning'inia milangoni. Vikaingia vibasi vya watu binafsi kinyemela, nauli shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala, na hapo likazaliwa jina daladala. Mwaka 1983 serikali ikaviruhusu.

Kuna kitu cha miaka hiyo ambacho vijana wengi hawakijui. Bei ya mafuta ilipanda sana mwaka 1973 na tena 1979, na nchi haikuwa na fedha za kigeni. Ikawekwa amri: Jumapili ikifika saa nane mchana, gari binafsi haliruhusiwi barabarani bila kibali. Muulize mzee wako aliyeishi mjini wakati huo. Wengine watakuambia walivyokuwa wanakimbiza gari kurudi nyumbani kabla ya saa nane. Tanzania yetu ilishakuwa na Jumapili zisizo na magari, ila hakuna aliyeziita maendeleo. Ziliitwa shida. Na hilo nadhani limetuharibu vichwa: kutembea kwetu kumebaki na harufu ya foleni za sukari na sabuni, kwa hiyo mtu akipata kipato kidogo tu, kitu cha kwanza anachokimbia ni miguu yake.

Mimi nilisoma stashahada ya uuguzi Dar, nikipanga chumba Kimara. Asubuhi niliamka saa kumi na nusu niwahi zamu ya mafunzo saa moja na nusu, kwa umbali ambao gari lisilo na foleni linaumaliza kwa muda mfupi sana. Kwenye daladala nilijifunza kulala nimesimama. Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza, njia yake pekee katikati ya barabara, kilomita karibu 21, Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Siku ya kwanza nilifika mapema mpaka nikakosa pa kwenda, nikakaa nje ya wodi nakula mihogo.

Lakini kilichonigusa zaidi ya basi ni vitu vidogo. Sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi. Mjamzito wa miezi minane haparamii, anaingia kama anaingia sebuleni kwake. Bibi mwenye fimbo vilevile, na mtu mwenye kiti cha magurudumu. Na pembeni mwa barabara ya Morogoro wakaweka njia ya waenda kwa miguu na ya baiskeli, pana, imeinuliwa. Kwa mara ya kwanza nilitembea kandokando ya barabara kuu ya Dar bila kugeuza shingo kila hatua tatu. Mwaka 2018 jiji lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kwa kazi hiyo.

Mnaoishi Dar mtanicheka hapa, najua. Abiria ni wengi kuliko mabasi, milangoni watu wanagombana, mvua kubwa ikinyesha Jangwani panajaa maji na njia inakatika, na ile njia ya miguu sehemu nyingine imegeuka maegesho na genge. Kweli tupu. Jiji lina watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya 2022 na kitu kimoja hakiwezi kulibeba. Hata hivyo mimi niliishi kabla na baada, na siwezi kujifanya sikuona tofauti.

Na kuna kazi nyingine ya Dar iliyopata kelele kidogo kuliko mabasi, wakati kwa sisi wenye watoto ndiyo kubwa. Shirika linaitwa Amend. Walichagua shule za msingi ambazo watoto wake wanagongwa sana, wakaenda kutazama njia mtoto anayopita kutoka nyumbani mpaka darasani. Kisha wakajenga vitu vya kawaida kabisa: njia ya miguu, matuta, pundamilia, vizuizi vya kuzuia gari lisipande pembeni, na pengine lango la shule likahamishwa lisifungukie barabara kuu. Majeruhi watoto wakapungua. Mwaka 2019 mradi huo, SARSAI, ulishinda tuzo kubwa ya miji ya WRI iliyoshindaniwa na miradi ya dunia nzima. Tuta na njia ya miguu! Nilipoisoma nilicheka peke yangu kwenye chumba cha wauguzi.

Sehemu ya 5

Mama mmoja ameniandikia kwamba haya ni mambo ya Wazungu wenye treni, sisi tupambane na hali zetu. Basi nimpeleke kwa Wazungu wenyewe kidogo.

Uholanzi, ile nchi tunayoiona kwenye picha kila mtu na baiskeli, haikuzaliwa hivyo. Baada ya Vita vya Pili walipata fedha, wakanunua magari, wakabomoa nyumba kupanua barabara. Mwaka 1971 ajali ziliua watu zaidi ya 3,000, na zaidi ya 400 kati yao ni watoto. Mwaka 1972 wazazi wakaanzisha harakati waliyoiita Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto. Jina kali, na walilitaka liwe kali. Wazazi waliingia barabarani na watoto wao, wakaifunga mitaa, wakawafuata wabunge. Mwaka uliofuata ikaja shida ya mafuta, ileile iliyotupiga sisi, na wao pia wakapata Jumapili zisizo na magari. Wenzetu watoto wakatoka na viatu vya magurudumu kuteleza kwenye barabara kuu. Shida ileile, mwaka uleule. Wao walipoona mtaa bila magari wakasema kumbe inawezekana. Sisi tulihesabu siku iishe.

Karibu zaidi, Kigali. Mji wa vilima kama kwetu. Tangu Mei 2016 wanafunga barabara fulani Jumapili asubuhi, kwanza mara moja kwa mwezi, baadaye mara mbili. Watu wanakimbia, wanatembea, wanaendesha baiskeli na watoto. Na pembeni, hapa ndipo nilipowapenda, kuna wahudumu wa afya wanapima presha na sukari bure. Anayekuja kufanya mazoezi anaondoka anajua presha yake. Huku kwetu wengi nawapima mara ya kwanza wakiwa tayari wamepooza upande mmoja.

Haikufaulu kila mahali. Nairobi mwaka 2019 walitangaza siku za kuzuia magari katikati ya jiji Jumatano na Jumamosi, zikaahirishwa kabla hazijaota mizizi. Ukizuia gari bila kumpa mtu basi au njia ya kutembea umemwongezea shida tu, na atakuchukia. Lamu wao hawana tatizo hilo, mji wa kale mitaa yake inamtosha punda, basi. Unguja Mji Mkongwe vilevile gari halipenyi kwenye vichochoro, ingawa pikipiki siku hizi zinapenya na kukukanyaga mguu.

Sehemu ya 6

Nilisema nitawarudia wale wa machela.

Mimi ni muuguzi, siwezi kuchukia gari. Mama anayetoka damu baada ya kujifungua ana muda mfupi sana, na kutoka Mtae au Mlalo mpaka kwenye upasuaji si mwendo wa kutembea. Mwaka 2022 mfumo wa m-mama ulizinduliwa kitaifa. Unapiga 115 bure, na kama gari la wagonjwa halipo karibu, wanampata dereva wa jamii aliyeandikishwa, analipwa na serikali. Nimewapokea wajawazito walioletwa hivyo na wakatoka na watoto wao. Iandike hiyo namba, 115, mlangoni kwa mkaa. Gari hilo nalitaka lipite haraka, njia iwe nyeupe. Na kitu kinacholichelewesha mjini kwetu asubuhi ni nini? Ni bodaboda zimejazana stendi, magari yameegeshwa sokoni pande zote mbili, na watoto wa shule katikati yao kwa sababu hawana pembeni.

Bodaboda nazo nisizionee. Tangu kanuni za 2010 ziziruhusu kubeba abiria, zimewapa vijana wetu kazi na zimefika vijiji ambavyo gari halifiki. Kaka yangu anaendesha. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, kuliko maradhi ninayowachanjia. Hiyo sentensi huwa inanikalia vibaya. Nachanja kwa bidii, namkinga mtoto na surua, pepopunda, kifaduro, halafu namrudisha kwenye kona ya Soni akiwa juu ya tangi la mafuta.

Kwa safari fupi za mjini, nyumbani hadi shule, sokoni, kliniki, kilomita moja au mbili, miguu inatosha kama ina pa kukanyaga. Mtoto anahitaji saa moja ya kuchangamsha mwili kila siku. Kwenda na kurudi shule kunampa sehemu kubwa bila kulipa hata senti. Wewe mama uliyejifungua kawaida, wiki chache baadaye mwendo wa taratibu unakusaidia kuliko kukaa ndani na mkanda tumboni.

Hapa mtaani kwetu tumefanya hivi. Wazazi wanne tulikaa kwenye kona karibu na shule asubuhi tatu mfululizo, kuanzia saa kumi na mbili na nusu, tukaandika: watoto wangapi wanapita, wapi wanalazimika kukanyaga lami, wapi gari linatokea bila kuonekana. Tukachora kwenye daftari la hesabu la mwanangu. Kisha tukaandika barua kupitia ofisi ya mtendaji: matuta mawili, pundamilia moja, na njia ya miguu upande wa juu, upana wa watoto wawili walioshikana mikono. Mkitaka kufanya kwenu, jueni kwanza barabara ni ya nani. Mitaa na barabara za wilaya ziko chini ya TARURA tangu 2017, barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Barua yetu imepigwa muhuri, nakala ninayo kwenye pochi pamoja na kadi ya kliniki.

Wakati tunasubiri, tunatembea kwa msafara. Mtu mzima mmoja mbele, mmoja nyuma, watoto katikati wameshika kamba ya katani yenye mafundo, kila mtoto fundo lake. Mbele ni mzee mmoja mstaafu, mwenye fimbo, na magari yanamsimamia kuliko yanavyonisimamia mimi na sare yangu. Niliomba zamu za mchana wiki hii niweze kushika nyuma.

Yule mtoto wa paja aliruhusiwa juzi. Mama yake alikuja na kitenge kipya cha kumbebea, ingawa ni mzito sasa. Nikamwonyesha ile kamba, nikamweleza. Akaihesabu mafundo, akaniuliza kama naweza kumpa ya ziada, kwa sababu kwao bondeni watoto ni kumi na saba.

Kamba ipo, katani haijaisha Mombo. Naifunga mafundo usiku huu.